Sixbert Afunga Njia kwa Tawi

Mafundi baiskeli Mfaranyaki hapa Songea wako wengi, na kila mmoja atakwambia yeye ndiye mwenyewe. Waongo. Mwenyewe ni Sixbert Ngonyani, yule anayekaa chini ya bati moja karibu na mashine ya kusaga, mwenye ndevu za beberu na kidole gumba cheusi kisichotakata hata kwa petroli. Mpelekee baiskeli inayolia, hataigusa. Atakwambia, "Panda, zunguka ile nguzo, rudi." Atafumba macho asikilize kama anaungamisha mtu. Kisha atatamka: "Spoku ya nyuma, upande wa mnyororo, ya tatu kutoka kwenye tundu la upepo." Ukiangalia, kweli ni ya tatu. Au ni ya nne, lakini nani ana ubavu wa kumhesabia mtu mzima?

Shule aliifikisha darasa la nne. Yeye husema aliacha kwa sababu mwalimu alishindwa kumjibu swali moja: kwa nini baiskeli ikisimama inaanguka, ikienda haianguki? Badala ya jibu akapewa fimbo mbili. Wenzake wa darasa lile wana habari tofauti kidogo, yenye mapera ya misheni ndani yake, ila tuwaache. Swali lenyewe ni la kweli, maana mpaka leo, na miaka hamsini na sita mgongoni, bado analiuliza. Amemuuliza padri. Amemuuliza daktari wa mifugo. Alimuuliza hata bwana harusi mmoja aliyekuja kujaziwa upepo huku kwaya inamsubiri kanisani.

Ujana wake aliumalizia katika milima ya Matogoro. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama ng'ombe mgonjwa, na juu ya karia gunia la maharage. Gia hakuna. Breki ilikuwa kandambili: ukitaka kusimama, unaigandamiza kwenye tairi la nyuma mpaka inukie. Njia zote za ule msitu alizijua, zinazopanda, zinazodanganya, na ile moja ya kuteremka kijitoni iliyomng'oa meno mawili akiwa na miaka ishirini na miwili. Halafu wachoma mkaa wakazidi. Ikafika mahali mlinzi wa msitu akiona baiskeli, haulizi: baiskeli maana yake mkaa. Sixbert akakaa miaka kumi na minane akiitazama milima yake kutoka Mfaranyaki, kama mtu anayemtazama mchumba wa zamani akipita na mumewe.

Aliyemrudisha msituni ni Derick. Huyu ni kijana wa Mwanza, ameletwa Songea na kazi ya serikali ya kupima viwanja, na alikuja na baiskeli ya mlimani yenye matairi manene na gia ishirini na nne.

"Ishirini na nne za nini?" Sixbert alimuuliza, akiizunguka ile baiskeli mara ya tatu. "Mlima si ni mmoja?"

"Mzee, kila mwinuko na gia yake."

"Na ukikosea?"

"Unabadilisha."

"Hivi hivi, bila kushuka?" Sixbert akaomba kuipanda. Alirudi baada ya dakika arobaini, amelowa jasho, anacheka peke yake. Derick alikuwa ameshaanza kuulizia kituo cha polisi kiko wapi.

Kutoka hapo wakapatikana wengine wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Judica, mwanamke wa Same anayefundisha baiolojia sekondari. Baiskeli alijifunza mwaka jana tu, na akiwa juu yake hulikodolea macho tairi la mbele kana kwamba litamtoroka. Wa pili ni Abdul, mfanyabiashara wa korosho sokoni, mwenyeji wa Namasakata kule Tunduru, mwenye tumbo la kuheshimika. Daktari alimwambia achague kati ya mazoezi na sindano, naye sindano anaziogopa kuliko simba.

Sixbert akaenda kwa Otto, mlinzi wa msitu, kuomba ruhusa. Wanasali jumuiya moja, lakini Otto kazini hana jumuiya.

"Tumsifu Yesu Kristo," Sixbert alianza kwa sauti ya kinyenyekevu ambayo mkewe hajawahi kuisikia.

"Milele na milele, amina. Baiskeli hapana."

"Sijasema kitu, Otto!"

"Ndevu zako zimesema."

Walivutana wiki nzima. Mwishowe Otto akalegea, tena kwa masharti, na akayaandika kwenye daftari lake. Jumamosi nne za majaribio. Wakiingia wanne, watoke wanne, kwa geti lile lile, kabla ya saa saba mchana. Wakitimiza, atawaandikia barua ya kibali cha kudumu. Akipungua mmoja, au wakichelewa, baiskeli Matogoro basi.

Sixbert akaweka sahihi kwa herufi kubwa. Na usidhani alitaka mazoezi. Alitaka njia zake. Na kuna kingine ambacho hakumwambia mtu: ilikuwa mara ya kwanza maishani watu waliofika chuo kikuu wanamfuata nyuma na kumuuliza, "Mzee, sasa tunashika wapi?"

Jumamosi tatu zilipita salama kwenye barabara pana ya chini. Ya nne, mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inang'ata masikio, Sixbert akaamua kuwaonyesha mzunguko mzima: wapande mpaka mgongoni mwa mlima, wapite njia panda tatu, washukie getini. Derick alifurahi. Abdul alishika tumbo. Judica aliuliza, "Nikibaki nyuma je?"

"Mwalimu, huwezi kupotea," Sixbert alisema. "Kila penye njia panda nitakuwa nimekuachia alama."

Hakusema alama gani. Angesemaje kitu ambacho kila mwenye macho anakijua? Tangu mababu, ukiongoza watu porini na ukafika njia panda, unakata tawi lenye majani na kulilaza kwenye mdomo wa njia usiyopita. Anayekuja nyuma akiliona anajua: hapa pamefungwa, shika nyingine. Ndivyo alivyofanya. Njia panda ya kwanza, tawi. Ya pili, tawi. Ya tatu, akalaza tawi kubwa kuliko yote, maana njia ya kushoto pale ndiyo ile ya kijitoni iliyokula meno yake. Kisha akaendelea na Derick nyuma ya gurudumu lake, wakishindana kama vichaa kwenye majani ya misindano yanayoteleza.

Saa tano na nusu walikuwa getini. Abdul alitokea kwenye saa sita, akikokota baiskeli, uso umejaa huzuni ya ajabu.

"Mwalimu yuko wapi?" Sixbert aliuliza.

"Alikuwa nyuma yangu mpaka njia panda ya pili. Nikajua anakuja."

Wakangoja. Abdul akagawa korosho. Otto, aliyekaa kwenye kiti chake kando ya geti, alikula tatu, akatazama saa, akaandika kitu kwenye daftari. Sixbert alijaribu kusoma kichwa chini miguu juu, asiambulie.

"Atakuwa amegeuza," Derick alisema. "Mlima umemshinda, karudi."

"Karudi wapi? Geti ni hili moja."

"Basi kaanguka, masikini," Abdul alisema.

Ilipofika saa sita na robo Sixbert alipanda baiskeli. "Msitoke hapa hata mmoja. Derick, ukinifuata nitakuvunjia hizo gia moja moja."

Alirudi kwa njia ile ile waliyojia, akiita, "Mwalimu! Mwalimu Judica!" Ndege tu. Kichwani mwake mlikuwa na mambo mawili: mwanamke wa watu aliyelala mahali na mguu umevunjika, na daftari la Otto. Tumsifu kwa kuyapanga kwa mpangilio huo, ingawa la pili lilikuwa likilisukuma la kwanza kwa kiwiko.

Alifika njia panda ya tatu. Tawi lilikuwa pale pale alipolilaza, jani halijapinda. Pale kuna kivuli na udongo haukauki, hivyo alama zinasomeka. Sixbert alichuchumaa. Tairi la Judica alilifunga yeye mwenyewe, analijua kama unavyojua mwandiko wa ndugu: meno ya upande mmoja yamelika.

Na alichokisoma kilimfanya asahau saa kwa muda. Alama ya tairi ilikuja kwenye njia ya kushoto, ile iliyofungwa. Hatua nne kabla ya tawi ilihama kulia, taratibu. Ikalipita tawi kwa pembeni. Mbele yake ikarudi kushoto, ikanyooka.

Sasa jiulize, kama alivyojiuliza yeye. Mtu asiyeona tawi, analikanyaga. Mkaidi analitupa kando. Huyu ameliona, ameliheshimu, halafu amelipita kwa adabu zote kuingia kule kule alikokatazwa! Sixbert alizivuta ndevu. Hajawahi kuona dharau yenye adabu kiasi kile.

"We Sixbert, saa!" akajikemea, akaingia.

Njia ile hushuka kama ngazi ya mlevi. Mizizi huku, jiwe kule, kona inayokuja kabla hujamaliza nyingine. Bingwa wetu alikwenda mita ishirini, akakumbuka meno yake, akashuka na kuanza kukokota. Usicheke. Aliinamisha uso akitafuta nyayo, maana alikuwa na hakika mwalimu naye amekokota. Hakuna nyayo. Penye mizizi, tairi. Penye kona, tairi. Kwenye lile jiwe lililomng'oa meno, hata jina lake hapendi kulitaja, tairi limepita upande wa juu, laini, kama kisu kwenye blubendi.

"Haiwezekani," Sixbert aliuambia msitu.

Alimkuta chini kabisa, kando ya kijito. Judica alikuwa mzima wa afya, amekaa juu ya gogo. Mbele yake ametandika kanga, na juu ya kanga amepanga pampu, viraka, solusheni na spana mbili, kama muuguzi anayengoja mgonjwa.

"Mzee Sixbert! Shikamoo tena. Mbona umetokea nyuma? Ni nani ameharibika?"

"Marahaba... Ameharibika nani?"

"Si mmoja wenu! Nimefika hapa nimewaita mpaka sauti imekauka. Nikasema labda mmesogea mbele kidogo, mtarudi kutafuta pampu."

"Mwalimu, hukuona tawi?"

"Nimeliona. Ndiyo nikaja."

Sixbert alikaa kwenye gogo. "Hebu nieleweshe polepole. Mimi niliishia darasa la nne."

"Baba yangu alikuwa utingo wa lori," Judica alisema. "Miaka kumi na tisa, Same mpaka Dar. Lori likizimika barabarani, kazi yake ya kwanza ni kukata matawi na kuyalaza nyuma ya gari. Ukiona majani barabarani, mbele kuna chombo kimeharibika. Unapunguza mwendo, unayapita kwa pembeni, unakwenda kuona kama wanahitaji msaada. Kwenye matawi mawili ya kwanza nilikuwa namfuata Abdul; la tatu nimelikuta niko peke yangu. Ningefanyaje? Niwapite mkiwa mmekwama?"

Majani ya lori Sixbert ameyaona maisha yake yote kwenye barabara ya Njombe. Hakuna hata siku moja aliyoyaweka majani yale na matawi yake kwenye kapu moja.

"Tawi la porini linasema usipite," alisema hatimaye.

"La barabarani linasema njoo."

"Na lile jiwe? Ulilipitaje lile jiwe?"

"Jiwe gani?"

"Jiwe gani! Lile kubwa kama jiko, kwenye kona ya tatu!"

Judica alifikiri. "Sikumbuki jiwe. Nilikuwa naangalia mbele kama kuna mtu amelala njiani. Nikashika breki kidogo kidogo, nikashuka."

Jumamosi tatu nzima Sixbert alikuwa amepiga kelele, "Mwalimu, acha kulitazama tairi! Tazama unakokwenda!" Haikuingia. Leo kumtafuta mgonjwa asiyekuwepo kumemwinua shingo, na baiskeli ikafuata macho. Sixbert alitamani wakae wachambue jambo lile mpaka jioni. Akatazama saa. Saa saba kasoro ishirini.

"Simama, mwalimu! Otto atatufungia msitu!"

Mlima uliwasubiri kwa hamu. Walikokota, wakasukuma, wakapokezana kuzibeba baiskeli penye mizizi. Judica alipumua kama kiwanda. Sixbert alijitia haoni shida, mpaka kwenye jiwe alipoomba wasimame, "uangalie mandhari." Juu wakapanda, wakaachia pedali mpaka getini.

Otto alikuwa amesimama. Daftari limefungwa, liko kwapani.

"Saa saba na dakika kumi na mbili," alisema.

"Tumetoka wanne! Geti lile lile!" Sixbert aliruka kutoka kwenye baiskeli kabla haijasimama. "Hesabu!"

"Sikatai wanne. Nilisema kabla ya saa saba."

"Otto, ndugu yangu, mwenzetu amepotezwa na tawi." Akaeleza yote, la porini, la lori, la kijitoni, mikono ikiruka hewani. Alipomaliza, Abdul alikuwa ameshika kichwa.

"Subiri. Yale matawi uliyaweka wewe?"

"Sasa nani, tumbili?"

"Wallahi mimi nimeshuka kwenye baiskeli mara tatu! Kwetu tawi likiwa njiani, nyumba ya mbele kuna msiba. Unashuka, unatembea kwa miguu, unanyamaza. Nimekokota baiskeli kila njia panda nikimwombea marehemu. Nikajiuliza, huu msitu una watu wangapi, mbona misiba mitatu asubuhi moja?"

Derick alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi sikuona hata tawi moja," alisema. "Nilikuwa naangalia gurudumu la Mzee."

Otto hakucheka. Alilifungua daftari, akaitoa kalamu nyuma ya sikio. "Na mimi nikikuta tawi limekatwa, najua limesema nini. Limesema kuna mtu amekata mti kwenye hifadhi bila kibali. Mangapi vile?"

"Matatu," Derick alisema. Vijana wa serikali hawajui kukaa kimya.

Sixbert alimtazama Otto, Otto akamtazama Sixbert. Ndevu zilishuka. Aliona njia zake zikifungwa moja baada ya nyingine, safari hii si kwa tawi.

"Nilikata mimi," alisema. "Hawa hawajui chochote. Ukifunga, nifungie mimi. Waache waendelee na Derick."

"Derick anazijua njia?" Otto aliuliza.

"Hazijui."

"Judica? Abdul? Hawazijui. Sasa nikikufungia wewe, Jumamosi ijayo nitatafuta watu watatu badala ya mmoja." Otto aliandika, akafuta, akaandika tena. "Barua hupati leo. Nakupa Jumamosi nne nyingine, zinaanza upya. Hakuna kukata hata unyasi. Na wewe utakaa nyuma kabisa. Wa mwisho. Nikikuona unatangulia hapa getini, hata kwa tairi moja, tumemaliza."

"Nyuma! Mimi? Nani ataongoza sasa?"

"Anayechelewa kuliko wote. Wengine wafuate mwendo wake, na wewe upige kelele huko nyuma, kulia, kushoto. Kelele si unaziweza?"

"Watu wa Mfaranyaki wakisikia mimi naburuza mkia..."

"Ama nyuma, ama nyumbani."

Sixbert alitazama milima. Akamtazama Judica, ambaye alikuwa ameinama akijifanya anafunga kamba za viatu ili asionekane anacheka.

"Nyuma," alisema.

Jumamosi iliyofuata waliingia saa mbili. Mbele Judica, halafu Abdul, halafu Derick akiteseka na gia zake ndogo, na nyuma kabisa fundi wa mafundi, akila vumbi la wote. Robo saa ya kwanza alinung'unika. Ya pili alianza kuona vitu. Aliona Abdul anavuta pumzi kila anapokata kona na kuisahau kuitoa. Aliona Derick, pamoja na gia zote, anakanyaga kwa visigino. Mambo ya namna hiyo huyaoni ukiwa mbele. Mbele unaona njia tu, na njia alikuwa anaijua.

Penye mteremko wa mizizi Judica alihama ghafla kwenda kushoto, upande ambao Sixbert hajawahi kuupita tangu azaliwe, na akashuka bila kutikisika.

"Mwalimu!" Sixbert alipaza sauti. "Hapo kwa nini umeshika kushoto?"

"Mizizi ya kushoto imelala!" Judica alijibu bila kugeuka. "Ya kulia imesimama!"

Sixbert alisimamisha baiskeli. Akatazama mizizi ya kulia. Akatazama ya kushoto. Miaka ishirini na kitu alipita hapa na gunia la maharage, akirushwa kama mahindi kwenye ungo, na kumbe.

"Mzee, unakuja?" Derick aliita kutoka bondeni.

"Tulieni!" Sixbert alijibu, huku anarudisha baiskeli nyuma hatua kumi ili aanze upya, kwa kushoto.